Clark Terry, Deiwaka wa Studio za New York

Novemba 1960, katika studio moja jijini New York, kundi kubwa la wanamuziki lilikutana kurekodi kazi ya mpiga piano Randy Weston iliyoitwa Uhuru Afrika. Ulikuwa mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, na Weston alitaka santuri yake ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika. Baada ya kuulizana na Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, alichagua Kiswahili. Langston Hughes aliandika shairi, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga akalisema kwa Kiswahili juu ya mlio wa ngoma, zaidi kidogo ya mwaka mmoja kabla nchi yake haijapandisha bendera yake. Vipande vyenyewe vina majina ambayo msikilizaji wa Tabora au Mombasa hahitaji kutafsiriwa: Uhuru Kwanza, Bantu, Kucheza Blues. Muziki uliandikiwa bendi na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye naye historia imemnyima haki yake. Mwaka 1964 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo, na marufuku hiyo ni ushahidi tosha kwamba ujumbe ulifika. Katika safu ya matarumbeta walikaa watu wanne: Benny Bailey, Richard Williams, Freddie Hubbard aliyekuwa bado kijana mbichi, na Clark Terry. Huyu wa mwisho, aliyekuwa akikaribia miaka 40, alikuwa na kazi nyingine ya kudumu: mwaka huohuo alikuwa ameajiriwa katika okestra ya shirika la utangazaji la NBC.

Wanamuziki wa dansi wa Tanzania wana neno zuri kwa mtu anayepiga leo bendi hii na kesho ile, bila jina lake kuandikwa ukutani: deiwaka. Na katika nchi zetu neno jazz lenyewe lilichukua maana pana, likawa jina la bendi yoyote yenye magitaa na matarumbeta, kama Morogoro Jazz na Western Jazz. Lakini Afrika Mashariki na Marekani zinafanana kwa jambo moja: historia ya muziki huandikwa kwa kufuata jina lililo mbele ya jalada. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, na deiwaka hata akiwepo lake halipo. Hoja yangu hapa ni kwamba kwa Clark Terry kuhesabu namna hiyo kunatudanganya. Ustadi wake wa kukaa kwenye kiti chochote, kusoma noti yoyote na kuingia katika sauti ya mtu yeyote ndio uliokuwa kiini cha sanaa yake, na ndio uliofungua mlango ambao vipaji vikubwa zaidi kwa jina vilishindwa kuufungua. Orodha za wakusanyaji zinamhesabia vikao vya kurekodi zaidi ya 900. Anayetaka kumwelewa lazima aanze na hivyo 900, aache kutafuta santuri moja kuu ya kumwekea sanamu.

Alizaliwa St. Louis, jimbo la Missouri, tarehe 14 Desemba 1920, katika familia maskini ya watoto 11. Alipoisikia bendi ya Duke Ellington akiwa na umri wa miaka kama 10, alitaka tarumbeta, na tarumbeta haikuwepo. Alichukua mpira wa kumwagilia bustani, akachomeka faneli upande mmoja na kipande cha bomba upande wa kupulizia, akaanza kupuliza. Majirani walichangishana dola 12.50 wakamnunulia chombo halisi kwenye duka la rehani. Yeye mwenyewe alikuwa akisema walifanya hivyo kwa kuchoshwa na kelele. Kisa hiki hupendwa na waandishi wote, lakini kilicho muhimu zaidi ni mji wenyewe. St. Louis ilikuwa mji wa wapiga tarumbeta. Meli za starehe za mto Mississippi zilibeba bendi, na viongozi kama Charlie Creath na Dewey Jackson walikuwa wapiga tarumbeta. Kijana aliyekulia hapo alijifunza sauti safi, isiyo na mikwaruzo, iliyoweza kuvuka maji. Mwaka 1942 akaingia jeshi la majini, wakati ambapo jeshi hilo, lililozoea kuwaweka Weusi jikoni na mezani, lilianza kuwapokea katika kazi nyingine, na maelfu ya wanamuziki Weusi wakapitishwa katika kambi ya Great Lakes karibu na Chicago. Terry alikaa huko hadi 1945, akifanyia mazoezi hata vitabu vya klarineti ili vidole vyake vizoee mbio ambazo tarumbeta haikuzoea. Kwa hiyo alipotoka jeshini alikuwa na vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja: sauti ya mtoni na nidhamu ya karatasi.

Ni vitu hivyo vilivyompeleka kwa Charlie Barnet, kiongozi Mzungu aliyeajiri Weusi, kisha kwa Count Basie mwaka 1948, na mwishoni mwa 1951 kwa Duke Ellington, alikokaa hadi 1959. Terry alizoea kusema kwamba kwa Basie alisoma shule ya maandalizi na kwa Ellington chuo kikuu. Ulinganisho huo ni wa kweli kuliko unavyoonekana, maana vyuo hivyo vilifundisha masomo tofauti. Katika bendi ya Basie matarumbeta yanapaswa kupumua kama mtu mmoja. Wa kwanza ndiye anayeamua noti inaanza vipi, inakaa kwa muda gani, inatetemeka kiasi gani na inakatwa wapi. Wa pili na wa tatu wanaimeza hiari yao na kumfuata, kwa sababu mmoja akitetemesha sauti kwa namna yake safu nzima inachafuka. Kwa Ellington ilikuwa kinyume. Yeye aliandikia watu, wala hakuandikia vyombo: alijua nani ana koo la aina gani, akampangia noti ambayo mwingine asingeweza kuisema. Mtu aliyepitia kwa mabwana hawa wawili alijua kujificha na kujitokeza, na alijua saa ya kila kimoja. Mwaka 1957, katika mfululizo ambao Ellington na Billy Strayhorn waliutunga kutoka kwa tamthilia za Shakespeare, Terry alipewa nafasi ya Puck, yule kijini mtundu, na mwishoni tarumbeta yake ikatamka sentensi nzima ya Shakespeare kwa mapigo na miinuko ya maneno, bila neno lolote kutoka mdomoni.

Miaka hiyohiyo alianza kushika flugelihoni, ndugu ya tarumbeta mwenye tumbo pana na sauti ya asali. Wengine walikuwa wamewahi kukitumia chombo hicho katika jazz kabla yake, ila ni yeye aliyekipa makazi ya kudumu, na leo mpiga tarumbeta wa jazz asiye na flugelihoni kabatini ni wa kutafutwa. Kwa chombo hicho ulimi ulipaswa kufanya kazi tofauti. Badala ya kugonga ti-ti-ti kali kama askari wa gwaride, Terry alitamka ndani ya mdomo silabi laini zinazoteleza, hata mbio za noti zikasikika kama mazungumzo ya mtu mchangamfu. Mwaka 1958 alirekodi In Orbit, akipiga flugelihoni, na aliyemsindikiza kwenye piano alikuwa Thelonious Monk. Monk hakuwa na mazoea ya kuwa msindikizaji wa mtu. Kwamba alikubali kukaa kwenye kiti cha deiwaka kwa ajili ya Terry, miaka miwili baada ya Terry kumsaidia kurekodi Bemsha Swing, inaonyesha jinsi wenye kazi walivyomthamini mwenzao, hata kama magazeti yalikuwa yakitazama kwingine.

Aliondoka kwa Ellington ili ajiunge na bendi ya Quincy Jones, ambaye miaka zaidi ya 10 nyuma, akiwa mwanafunzi wa Seattle, alimfuata asubuhi kabla ya shule amfundishe tarumbeta. Safari yao ya Ulaya na mchezo wa muziki Free and Easy ilifilisika Paris mapema mwaka 1960. Terry akarudi New York, na hapo ndipo simu ya NBC inapoingia. Kwa maelezo yake, shirika la kutetea haki za Weusi la National Urban League liliwauliza wenye televisheni kwa nini okestra zao zilikuwa nyeupe tupu. Jibu lilikuwa lile ambalo kila anayebaguliwa amewahi kulisikia: hatujapata anayefaa. Shirika likaenda kwa wanamuziki wenyewe, likauliza nani anaweza kufanya kila kitu kitakachohitajika, na jina lililorudi lilikuwa Clark Terry. Inafaa kutafakari swali lile lilikuwa linatafuta mtu wa namna gani. Halikumtafuta mwenye solo kali kuliko wote. Lilimtafuta mtu ambaye akiwekewa karatasi ambayo hajawahi kuiona ataipiga bila kosa mara ya kwanza, iwe ni valsi, muziki wa gwaride la kijeshi, wimbo wa tangazo la sabuni au bluzi, tena akiwa amefika kabla ya saa, na ambaye mwenye chuki atakaposubiri ateleze, atasubiri hadi achoke. Kikao cha kawaida cha kurekodi chini ya mkataba wa chama cha wanamuziki kilikuwa cha saa tatu, na muziki uliokamilika ulioruhusiwa kutoka humo haukuzidi dakika 15. Dakika moja ya kurudia kwa kosa lako ililipwa na watu wote waliokuwa chumbani. Kipaji kisichojua kusoma kilikuwa mzigo katika chumba kile.

Kuna pingamizi hapa, na ni zito. Mtu atasema kwamba kiti kimoja NBC kilikuwa pambo, njia ya shirika kubwa kununua amani kwa mshahara wa mtu mmoja, na kwamba Terry wala hakuwa wa kwanza katika mashirika hayo kwa ujumla: mpiga tarumbeta Joe Wilder alikuwa tayari ABC, na mpiga piano Hank Jones CBS. Tena huko nyuma, mwaka 1942, okestra ya Raymond Scott ndani ya CBS ilikuwa na Weusi na Wazungu pamoja, kisha mlango ukarudi kufungwa kana kwamba haukuwahi kufunguliwa. Yote hayo ni kweli, na kisa cha 1942 ndicho kinachonifanya nione pingamizi hili linaimarisha hoja badala ya kuibomoa. Mlango uliofunguliwa na huruma ya kiongozi mmoja ulifungwa kiongozi alipoondoka. Wilder, Jones na Terry walikaa kwa miaka mingi kwa sababu kazi yao ilikuwa imeingia katika mashine ya kila siku, na mashine ingeumia kuwatoa. Kisha kuna kilichofuata: mwaka 1962 Snooky Young, mpiga tarumbeta ya kwanza wa Basie, akaingia NBC, akaendelea na bendi ya The Tonight Show, kipindi cha usiku cha NBC ambacho Terry naye alikipigia, hata kilipohamia California miaka 10 baadaye. Sitadai kwamba viti viwili vitatu vilimaliza ubaguzi wa studio. Vilifanya jambo dogo kuliko hilo lakini lisilorudishwa nyuma: viliua kabisa lile jibu la hatujapata anayefaa. Kila usiku nchi nzima ilimwona anayefaa ameketi pale, ndani ya suti, na tarumbeta yake.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa jazz wenyewe, nao hulisema kwa masikitiko ya dhati. Studio, wanasema, ilimeza msanii. Wanamtaja Miles Davis, mdogo wake Terry kwa zaidi ya miaka mitano, mtoto wa ng'ambo ya mto huko East St. Louis, ambaye alimfuata Terry kama kaka wa mtaani na kuikiri athari yake wazi. Miles hakuketi katika okestra ya televisheni. Aliongoza kundi lake, na mwaka 1959 akatoa Kind of Blue. Terry yuko wapi na Kind of Blue yake? Swali hili ni la haki, nami sitaligeuza kwa kudai kwamba Terry alikuwa Miles mwingine aliyefichwa. Hakuwa. Miles alibadilisha mwelekeo wa muziki mzima mara kadhaa, jambo ambalo Terry hakujaribu. Lakini anayesema studio ilimmeza anatakiwa atazame tarehe. Mwezi uleule wa Uhuru Afrika, huku ameshaajiriwa NBC, Terry alirekodi kwa jina lake Color Changes, santuri yenye upangaji wa kina kuliko nyingi za miaka ile, akiwa na Yusef Lateef na Julius Watkins, ambao wote wawili walikuwa pia katika kikao cha Weston. Miezi miwili baadaye, Januari 1961, alikuwa studioni na Cecil Taylor, mpiga piano ambaye wanamuziki wengi wa rika la Terry walimwona amepotea njia kabisa. Mwaka 1962 anasikika katika Soul Bossa Nova ya Quincy Jones, kipande ambacho hata wasiojua jazz wanakitambua kwa sekunde tatu. Nyuma ya hapo kuna Ray Charles, kuna Dinah Washington, kuna Sonny Rollins. Jioni nyingine alikuwa kilabu cha Half Note na Bob Brookmeyer, wakiongoza kundi lao la watu watano. Mtu aliyemezwa hapigi kwa Cecil Taylor.

Mshahara wa NBC ulimwondolea haja ya kuomba kazi, na asiyeomba anaweza kuchagua. Viongozi wengi wa bendi wa kizazi chake walilazimika kukubali ziara mbaya na mikataba mibaya ili walipe wanamuziki wao Ijumaa. Terry alikwenda kwa Taylor kwa hiari, kwa sababu hakuwa na cha kupoteza. Hivyo nafasi ya deiwaka wa juu ilimpa uhuru fulani wa kimuziki ambao jina kubwa haliwezi kukupa, kwa kuwa wenye majina makubwa hufungwa na wanunuzi wao. Ni hoja isiyopendeza masikioni mwa wale tunaopenda kumwona msanii mwenye njaa, lakini ushahidi wa miaka ile mitatu uko wazi.

Nafika sasa kwenye jambo lililomletea Terry umaarufu na ambalo baadhi ya wakosoaji wamelionea haya. Mwaka 1964, akirekodi na mpiga piano Oscar Peterson na wenzake wawili, aliimba kipande ambacho hakina neno hata moja linaloeleweka: mnong'ono, manung'uniko, sentensi zinazojitokeza nusu na kuzama, hoja inayopandishwa kwa hasira bila mtu kujua ni hoja gani. Kilitoka kwa jina la Mumbles, na jina hilo likawa lake. Watazamaji wa televisheni walikipenda, na ndicho kilichowafanya watu wenye misimamo mikali waseme kwamba fundi huyu amegeuka mchekeshaji wa Wazungu. Mimi naona wamekosea chanzo. Terry alieleza kwamba alikuwa anawakumbuka waimbaji wazee wa bluzi wa St. Louis, watu ambao maneno yao hayakushikika lakini maana yao ilishikika. Na ukisikiliza kwa makini utasikia jambo lilelile alilolifanya kwa Ellington na Puck: pale tarumbeta ilitamka maneno, hapa mdomo unapiga tarumbeta. Mapigo ya silabi zile yanayoteleza ndiyo yaleyale ya ulimi wake kwenye flugelihoni. Ni kama alikuwa ameivua siri yake ya ufundi hadharani na kuiimba, na watu wakacheka, na kucheka kwao hakukuipunguzia kitu.

The Tonight Show ilipohamia California mwaka 1972, Terry alibaki New York. Zama za okestra za kudumu za televisheni zilikuwa zinaelekea ukingoni. Magitaa ya umeme na baadaye vinanda vya kielektroniki vilichukua kazi ya watu kumi kwa bei ya mmoja. Aliunda bendi yake kubwa, akazunguka, lakini kazi yake iliyokua zaidi tangu hapo ilikuwa kufundisha: vijana wa Harlem kwanza, kisha vyuo na kambi za muziki kote Marekani. Hapa pia deiwaka anaonekana. Mwenye mtindo mmoja mkubwa hufundisha mtindo wake, na wanafunzi wake hutoka nakala. Terry, aliyekuwa amekaa katika viti vya watu wengi, alifundisha namna ya kusikiliza: ni nani anaongoza, noti inakatwa wapi, ulimi ufanye nini. Hakuna anayewasikia Miles na Quincy Jones akasema hawa wawili walifundishwa na mwalimu mmoja.

Miaka ya mwisho aliishi Pine Bluff, Arkansas. Kisukari kilimchukulia macho, kisha miguu yote miwili. Wanafunzi waliendelea kuja, wakiketi kando ya kitanda hadi usiku wa manane, miongoni mwao mpiga piano kijana asiyeona, Justin Kauflin, na filamu ya Keep On Keepin' On iliyotoka 2014 inawaonyesha wawili hao wakirudia mstari mmoja wa noti, mzee akiuimba kwa silabi zake, kijana akiutafuta kwa vidole. Desemba mwaka huo, alipotimiza miaka 94, alikuwa hospitalini. Wynton Marsalis na okestra ya Jazz at Lincoln Center walikuwa safarini. Wakageuza njia hadi Pine Bluff, wakaingiza vyombo vyao hospitalini na kumpigia bendi nzima, matarumbeta, matromboni na masaksafoni, mzee akiwa amelala anasikiliza safu ikipumua pamoja. Alifariki tarehe 21 Februari 2015.